Poda ya Mama Léocadie

Huku Uvira, mtoto akipita mtihani wa taifa tunammwagia poda kichwani mpaka afanane na mwizi wa unga, kisha tunamzungusha mtaani kwa vigelegele. Mama Léocadie, jirani yangu wa Rugenge, amewamwagia watoto wake wanne. Yeye mwenyewe, mwaka wake, jina lake halikusomwa redioni. Miaka thelathini imepita na bado linamuuma.

Ndiyo maana aliposikia kuna masomo ya bure kwenye simu, ya magonjwa ya mihogo, alijiandikisha siku hiyo hiyo. Bure kabisa! Uwe tu na simu, na mega za data, na umeme, na mtandao, na masikio ya kufuata Kifaransa cha profesa asiyepumua.

Dakika tano baadaye ujumbe ukaingia: «Félicitations, Léocadie!» Ilikuwa mashine, ikimpongeza kwa kujiandikisha. Lakini simu ilikuwa mkononi mwa mumewe, Sévère, mtu ambaye hajawahi kusoma mstari wa pili wa kitu chochote.

"Bibi yangu amepita!" akapaza sauti. "Mulete poudre!"

Makopo mawili. La pili nilimwaga mimi, sikatai. Léocadie alifungua kinywa aeleze, poda ikaingia. Tukamzungusha mpaka barabara kubwa, naye amejifunika uso kwa mikono. Nilidhani ni furaha, kumbe ni aibu.

Sasa angesemaje ukweli? Rugenge ingecheka mpaka Krismasi. Akaamua kuisoma elimu ambayo tulikwisha kuisherehekea.

Wiki kumi alipanda kilimani kila alfajiri kutafuta mtandao. Profesa aliinua jani la muhogo, akaganda nalo kwenye kioo cha simu siku tatu. Léocadie akaenda shambani kwao Runingu kulinganisha: majani yamejikunja, yana madoa ya njano. Akang'oa nusu ya shamba, akapanda miche mizima. Sévère alilalamika kama mfiwa, lakini mwenye diploma hapingwi, na poda aliimwaga mwenyewe.

Mtihani wa mwisho alianguka mara mbili. Mara ya tatu akapata tisini kwa mia. Cheti chenyewe kiliombewa dola arobaini, maana kilichokuwa bure ni masomo, si karatasi.

Alikimbia nyumbani. "Papa Sévère, nimepita!"

Sévère alikuwa anakula sombe, hakuinua hata macho. "Weye utapita mara ngapi? Poudre si tulisha kukumwangia?"

Léocadie alikuja kwangu, akanisimulia yote, akalia. Nilitamani ardhi inimeze. Nilipogeuka kumchukulia maji, alikuwa amekwisha kutoka.

Alinunua kopo moja dukani, akajimwagia mwenyewe kichwani, lote, akaanza kuuzunguka mtaa peke yake. Mwenye pikipiki aliyetoka Luvungi akapunguza mwendo.

"Mama, pongezi! Ni mutoto gani amepita?"

Léocadie akajifuta poda machoni.

"Haiko mutoto," akasema. "Ni miye."