Kushuka ni Ghali Kuliko Kupanda

Niliondoka Keringet kwa sababu ya mguu ambao si wangu. Binti yangu Chelangat aliteleza na mtungi wa maziwa msimu wa mvua, akavunjika nyonga, akalazwa, akawekewa chuma, akarudi nyumbani na mkongojo mmoja na hasira nyingi. Alikuwa amemaliza mwaka wa pili chuoni. Sasa chuo kilikuwa karibu kufunguliwa, na nyumbani kwetu swali lilikuwa moja tu: arudi au abaki? Baba yake alisema arudi. Mimi nilisema chuo kile kiko mlimani, na msichana anayechoka kutoka jikoni mpaka zizini atafikaje madarasani? Tulibishana mpaka mzee akachoka.

"Wewe nenda ukaone hiyo barabara yenyewe," akaniambia. "Panda kila kitu kinachopandwa huko, uulize bei, urudi utuambie. Ukisema haiwezekani, mimi nitanyamaza."

Chelangat alikuwa palepale akimenya viazi. 

Alfajiri nilitoka na lori la viazi la jirani yetu, lililokuwa likipeleka mzigo sokoni Nakuru. Nilikaa mbele na dereva, mtu mkimya, nikamshukuru Mungu kwa hilo maana sikuwa na nguvu za mazungumzo. Tulipita Molo ukungu ukiwa bado umelala mashambani. Kufika Njoro jua lilikuwa limetoka na mgongo wangu umekufa ganzi. Mimi si mtu wa safari. Ng'ombe wangu wakishiba na kuni zikiwa kavu, sina haja ya kujua kinachoendelea ng'ambo ya Mau.

Nakuru nilishuka sokoni nikaanza kuuliza njia. Chuo chenyewe kiko nje ya jiji, upande wa kupandia Dundori, na kila niliyemuuliza alinijibu, "Ni hapo tu." Mwuza mitumba alisema hapo tu. Askari wa kaunti alisema hapo tu, bila hata kuinua macho kwenye simu yake. Nimeishi miaka ya kutosha kujua kwamba hapo tu ya mtu aliyekaa si hapo tu ya mtu anayetembea. Nilipanda gari la Dundori, nikalala njia nzima, na utingo ndiye aliyenigusa bega: "Mathe, tumefika geti."

Langoni pa chuo nilisimama nikatazama juu, na moyo ukashuka. Geti liko chini kando ya lami. Madarasa yako juu kabisa mlimani, mabati yake yanang'aa kwa mbali, na kati ya hapa na pale kuna barabara moja inayopanda kwa kona, changarawe tupu. Mwenye macho haambiwi tazama. Ningeweza kugeuka palepale nirudi nyumbani na jibu langu, lakini nilikuwa nimemwahidi mzee kupanda kila kitu.

Mchana huo, ng'ambo ya geti, nilipokewa na Mama Njoki, dada ya mke wa mchungaji wetu. Ni mjane anayepangisha vyumba kwa wanafunzi, na ndiko Chelangat angekaa kama angerudi, kwa sababu mabweni ya juu yalikuwa yamejaa. Alinipa chai na viazi vya kuchemsha. Nimetoka nyumbani kwa viazi, nimesafiri na viazi, nimefika kwa viazi. Nilikula vyote.

"Chumba cha chini kabisa nimemwekea," Mama Njoki alisema. "Hakuna ngazi. Ndani ya nyumba hatapata shida. Shida ni hiyo barabara."

"Ndiyo nimekuja kuipanda."

"Basi anza na boda. Lakini uliza vizuri kuhusu kurudi."

Sikumwelewa, na uchovu ulinifanya nisiulize. Steji ya boda iko hapohapo getini, vijana wamevaa vizibao vya reflekta vya kijani. Mmoja aliniwahi.

"Sasa mathe! Unaenda juu? Finje tu."

Finje ni hamsini kwa lugha yao. Nilipanda. Alinipeleka polepole baada ya kumwambia kwamba nabeba mifupa ya watu wawili, na kwa kweli safari ilikuwa nzuri. Upepo ulikuwa baridi, miti ya msonobari pande zote, na nyuma yetu ziwa Nakuru lilionekana limetandikwa chini kule. Nikaanza kulegea. Nikawaza: asubuhi hamsini, jioni hamsini, tukiuza maziwa vizuri tutaweza. Kufika mlangoni pa ukumbi wa mihadhara nikamwambia, "Ngoja dakika moja nitazame, kisha unirudishe."

Kijana alitazama huku na huku kama mtu aliyevamia shamba la wenyewe.

"Hapana, mathe. Hapa si kwetu. Mimi nashusha tu. Nikibeba hapa watanitoa kifunguo cha piki."

Akaondoka mbio. Ndipo nikaona, chini ya mti, steji nyingine, na reflekta zao ni za rangi ya machungwa. Nikaenda kwao.

"Kushuka ni soo, mathe," mmoja akaniambia.

"Mia? Na kupanda ni hamsini?"

"Hao wa chini wanakuleta, sawa. Lakini sisi tukikupeleka huko chini hatuwezi beba mtu. Tunarudi empty. Kwa hivyo unalipa kwenda na kurudi kwetu."

Nimeishi na miteremko maisha yangu yote, na sijapata kusikia mahali ambapo kushuka ni ghali kuliko kupanda. Hasira ilinipanda, na hasira ikanifanya mjinga: nikasema nitatembea. Nilitaka pia kujua barabara ile inasemaje kwa mguu wa mtu. Inasema vibaya. Changarawe inateleza chini ya viatu, kona ni kali, magari ya wafanyakazi yanapita na kukuachia vumbi, na hakuna jiwe la kukalia njia nzima.  Karibu na geti nilijikuta nalia, si kwa maumivu, bali kwa kumwona Chelangat pale, na mkongojo, na vitabu mgongoni, na mvua ya saa kumi.

Jioni Mama Njoki alinikanda magoti kwa maji ya moto, akanieleza utaratibu. Kila steji ina watu wake, kiingilio chake na mwenyekiti wake. Boda anashusha popote duniani, lakini anabeba kwenye steji yake tu. Akikiuka, wenye steji wanamchomolea kifunguo na kukikalia mpaka wenyeviti wakutane. Wanafunzi wenye miguu mizima hawajali, wanapanda kwa boda wakichelewa na kushuka kwa miguu wakicheka.

Asubuhi ya pili nilijaribu vilivyobaki. Kuna basi la chuo linalopanda mara moja asubuhi na kushuka mara moja jioni, nauli yake ndogo sana. Dereva, mzee mwenye kofia ya sufu, aliniruhusu baada ya kusikia habari yangu. Ngazi yake ya kwanza ilinifika gotini. Nilijivuta kwa mikono miwili nikasema moyoni, mwenye chuma nyongani hapandi hapa. Tena mwanafunzi mwenye darasa moja tu la asubuhi hulisubiri mpaka jioni.

Na kuna tuktuk mbili. Hizo ni rahisi kupanda, lakini haziondoki mpaka zipate watu watatu, na huishia kwenye ofisi za wakubwa, nusu ya mlima. Nilisubiri abiria wa tatu mpaka nikasinzia. Alipopatikana alikuwa na godoro.

Karibu saa sita nilirudi kwa Mama Njoki nimekata tamaa. Nilikuwa nimepata jibu nililolitabiri na halikunifurahisha hata kidogo. Alinitazama, akavua leso ya jikoni, akasema, "Twende kwa Waweru."

Waweru ndiye mwenyekiti wa steji ya geti, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akichokonoa tope kwenye buti zake.

"Huyo msichana anatembea na gongo?"

"Ndiyo."

"Basi mbona mnasumbuka? Mgonjwa hana steji. Mgonjwa na maiti, hao boda yeyote anabeba, mahali popote, na hakuna mtu anauliza. Hiyo ni sheria yetu, na huko juu pia."

Alipiga simu kwa mwenyekiti mwenzake wa juu. Walizungumza Kikuyu, nikasikia neno moja moja tu. Alipokata alikuwa anatabasamu. "Imeisha. Kupanda finje, kushuka finje. Vijana wote wataambiwa. Akionekana tu na gongo, wajue huyo ndiye mgonjwa wa Mama Njoki, achukuliwe mbele ya kila mtu."

Nilimshika mikono yote miwili. Nikambariki yeye, mke wake na pikipiki yake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nilikuwa nimeubeba mlima mzima. Sikutaka tena chai. Nilitaka kufika nyumbani.

Kurudi kulikuwa kurefu kama kwenda, lakini sikulala. Nakuru, Njoro, Molo, nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Chelangat. Nilishuka Keringet jua linataka kuzama, miguu imevimba, nikaanza kutembea njia ya kwetu. Pikapu ya maziwa ikanipita, ikasimama mbele yangu. Nyuma, kati ya mitungi mitupu, alikuwa amekaa binti yangu. Kwa kuwa sikuwapo, ni yeye aliyepeleka maziwa kwenye kiwanda. Alijivuta kwa makalio mpaka ukingoni, akashusha mguu mzima, kisha mbovu, akasimama.

"Umepandaje huko?" nikamuuliza.

"Kinyumenyume, Mama. Nakaa kwanza, halafu najivuta."

Nyumbani, mzee akiwa amekaa kando ya moto, nilieleza yote: basi, tuktuk, finje na soo. Mwisho nikatoa zawadi yangu, mapatano ya wenyeviti wawili. Nilingoja afurahi. Chelangat aliweka kikombe chini.

"Umewaambia mimi ni mgonjwa?"

"Ndiyo sheria yao. Ndiyo njia ya kupata—"

"Na wote wataambiwa. Kila siku nikitoka darasani wataita, mleteni mgonjwa. Miaka miwili, Mama." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Asubuhi nitapanda basi. Jioni nitashuka nalo. Nikiwa na haraka nitalipa hiyo soo kama watu wengine. Lakini nikienda kule niwe mgonjwa, basi afadhali nikae hapa."

Nilimtazama baba yake. Alikuwa anatazama moto. Nilikasirika, siwezi kudanganya. Nilifikiria magoti yangu, vumbi, godoro lile ndani ya tuktuk. Kisha nilitoka nje nikampigia Waweru.

"Yule msichana wangu," nikamwambia, "si mgonjwa."

 "Sasa mathe, kama si mgonjwa, kushuka ni soo."

"Atalipa."

Nilijifunza bei zote za mlima ule, na yeyote mwenye mtoto anayekwenda huko aje aniulize, nitamwambia bila kuficha. Lakini lililonikalia usiku ule kitandani lilikuwa jingine. Neno lile, mgonjwa, halikuwa la Waweru. Tangu Chelangat aanguke nilikuwa nimelitamka kila mahali: sokoni, kwa majirani, hata mbele ya Mungu, na yeye akiwa kando yangu anasikia.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani sote watatu. Kabla ya maombi, kama ilivyo desturi yetu, mchungaji aliuliza kama kuna wenye wagonjwa, wasimame waombewe. Watu waligeuka kunitazama, maana miezi yote hiyo nilikuwa wa kwanza kusimama. Nilibaki nimekaa. Kisha akauliza kama kuna wenye watu wanaosafiri, na mimi nikasimama.