Fundi Mkasi Afunguliwa Kinywa

Mimi ni fundi cherehani, na kwa zaidi ya miaka arobaini nyuzi nilizikata kwa meno. Namaliza pindo, nauma uzi, kra, kisha natabasamu ili mteja aone kwamba yote yako kazini. Wakaniita Fundi Mkasi, na mimi, badala ya kuona haya, nikazidi kujiona.

Kwa hiyo siku mke wangu alipotaka kwenda kwa daktari wa meno, kwa sababu meno yake ya bandia yalikuwa yakimchubua fizi, nilimsindikiza nikiwa nimetanua kifua. Njiani nikamhubiria.

"Ungeyatunza kama mimi, mama, saa hizi usingekuwa unalaza meno kwenye glasi."

Akajitanda khanga yake vizuri, akaendelea kutembea. Tumeoana miaka thelathini na minane, na muda wote huo ameona ni nafuu kuniacha nijikwae mwenyewe.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo ya binti yetu wa kwanza. Akampima mke wangu, akajaza karatasi yake, akayakwangua kidogo yale meno ya bandia; mke wangu akayavaa, akauma mara mbili tatu, akaridhika. Nami nikainuka kuaga.

"Na wewe mzee, ulipimwa lini mara ya mwisho?"

"Binti yangu, meno haya hayamjui daktari."

"Basi leo yatafahamiana naye. Karibu, kaa."

Nilidhani ataniambia nifunue kinywa, astaajabu, twende zetu. Kumbe alichukua karatasi na kalamu kwanza.

"Unatumia dawa gani?"

"Ya presha tu. Kidonge kimoja."

"Viwili," mke wangu akasema kutoka kwenye benchi.

"Kinywa hukauka?"

"Kidogo, nikiwa kwenye cherehani. Namumunya peremende, basi."

"Ngapi kwa siku?"

"Mbili. Tatu zikizidi sana."

"Daktari," mke wangu akasema kwa upole uliotisha, "juzi nimefua suruali yake. Mfukoni nimetoa makaratasi kumi na saba ya peremende. Na suruali ile aliivaa siku moja tu."

Nikatazama dari. Daktari akaandika.

"Mswaki?"

"Kila asubuhi, bila kukosa."

"Na kabla ya kulala?"

"Kabla ya kulala mtu huwa amechoka, daktari."

Ndipo akaniwashia taa usoni. Alikuwa na kijichuma chembamba kama sindano iliyopinda, akakipitisha taratibu chini ya meno, pale yanapokutana na fizi. Mahali pengine kiliteleza. Pengine kikanasa, kama sindano inavyonasa kwenye kitambaa kilichooza. Hilo sikuhitaji kuelezwa. Vitambaa vilivyooza nimevishika maisha yangu yote.

"Matano yameanza kuoza kwenye mizizi," akasema. "Umri umesogeza fizi, mizizi imebaki wazi, na mizizi haina lile ganda gumu la juu. Mate ndiyo huyalinda meno, na dawa zako zimeyapunguza. Halafu kinywa hicho kikavu unakipa sukari kutwa nzima."

"Lakini hayaumi!"

"Yanasubiri kwanza yaharibike, ndipo yaume."

"Basi niache dawa za presha?" nikauliza kwa matumaini.

"Uache peremende, mzee. Dawa za presha endelea nazo. Kuhusu ukavu, zungumza na aliyekuandikia."

Akageuza karatasi nione alivyopima hatari ya meno yangu kuoza. Juu ya jina langu palikuwa na maneno mawili: hatari kubwa. Karatasi ya mke wangu, mwenye meno tisa yake mwenyewe, ilisema hatari ndogo. Nimeshindwa na mtu mwenye meno tisa! Naye akanifutia jasho kwa ncha ya khanga yake, na hilo likaniuma kuliko kama angenicheka.

Jino moja uozo ulikuwa umeshafika ndani, halikuokoka: lile la kukatia uzi. Wakati linang'olewa sikuhisi maumivu, kwa kuwa nilikuwa nimechomwa ganzi, lakini mguu wangu wa kulia ulikanyaga hewani mfululizo kama niko kwenye cherehani. Manne mengine akayapaka dawa ya kuyakaza. Akaniagiza nipige mswaki mara mbili kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floraidi nyingi kuliko ile ya kawaida, niteme povu bila kusukutua kwa maji ili dawa ibaki ikifanya kazi, na ninywe maji kidogo kidogo kinywa kikikauka.

Wiki ya kwanza niliificha pakiti ya peremende ndani ya kopo la vifungo. Siku moja nikaingiza mkono bila kutazama, nikajitupia kifungo cha koti mdomoni, nikakimumunya hadi nikashangaa mbona hakiyeyuki. Siku hiyohiyo niliigawa pakiti yote.

Baada ya miezi mitatu nilirudi. Kijichuma kikapita kwenye mizizi ileile bila kunasa. Uozo ulikuwa umesimama.

"Vizuri," daktari akasema. "Ila hatari bado ipo maadamu unameza vidonge. Uje tena baada ya miezi mitatu."

Sikubishana. Siku hizi, kabla ya kulala, mimi na mke wangu tunasimama kwenye sinki letu dogo la nyumbani. Yeye anasugua ya mkononi, mimi nasugua ya kinywani, na tunagombania nani ateme kwanza.