Tulivyompoteza Wafula kwenye Reli ya Shimanzi

Asubuhi ile tulianzia bandarini Kilindini, mimi na Wafula, tukiikagua reli kwa miguu kama kawaida yetu. Mbele yetu tulisukuma toroli la vifaa. Kazi ilikuwa kutazama mataruma yaliyooza, yale magogo yanayobeba reli, boliti zilizolegea na kokoto zilizosombwa na mvua. Reli ya mizigo hutoka gatini, hupinda nyuma ya maghala ya Shimanzi, hupita karibu na matangi ya mafuta, kisha huelekea Makupa na kuvuka maji hadi Changamwe. Zamani maghala mengi yalikuwa na vijireli vyake, na magunia ya kahawa yakipakuliwa mlangoni. Malori yalipozidi, vijireli vile vilifukiwa kwa lami. Hata leo, pahali lami ilipochimbika, utaona chuma kikichungulia.

Babake Wafula aliletwa na reli kutoka bara. Wafula mwenyewe alizaliwa papa hapa kisiwani, katika nyumba za wafanyakazi wa reli kule Makupa. Mimi ni mtu wa pwani, wa mtaa wa Kuze. Sikukuu ya Idi Wafula akija kwetu kula pilau, na Krismasi mkewe, Rose, akimwita jirani Mwislamu achinje kuku, ili nami nile. Mpwa wangu Kasimu, kijana wa dada yangu, alizoea kushinda kwa kina Wafula siku asizopata kibarua cha kupakia malori. Rose hakumwacha na njaa hata siku moja.

Matokeo ya uchaguzi yalikuwa yametangazwa. Redio ilisema bara watu wanachomeana nyumba.

"Huku hayafiki," nilimwambia Wafula. "Mombasa watu ni wastaarabu."

Alikuwa ameinama akikaza boliti.

Tulipoingia kati ya kuta za maghala, tulisikia mabati yakipigwa. Moshi ukapanda upande wa barabara. Walinzi wa ghala moja walipita mbio, mmoja akiwa na kiatu kimoja mguuni, wakatuambia turudi, kuna vijana wenye mapanga wanawatafuta watu wa bara.

"Turudi bandarini," nilisema. "Kuna askari."

"Rose yuko peke yake," alisema Wafula, akaendelea mbele.

Nikamfuata.

Wale vijana walitokea penye kivuko cha barabara. Huku ukuta, huku ukuta, hapakuwa na pa kuchepukia.

Kasimu alikuwa mbele yao.

Nilifurahi kumwona. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko yote. Nilidhani tumepona.

"Kasimu," Wafula alimwita, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto wa nyumbani.

"Shikamoo, mjomba," Kasimu aliniambia mimi. "Wewe pita. Hatuna neno nawe."

"Muwateni, musimguse!" nilipiga kelele. "Huyu ni ndugu yangu! Kasimu, umekula kwake!"

Alinishika mkono taratibu, kama anayemvusha mzee barabara, akanisogeza ukutani. Wengine wawili wakanibana pale. Mmoja wao aliniokotea kofia yangu, akanivisha.

Aliyepiga panga la kwanza simjui.

La pili lilikuwa la Kasimu.

Kisha mlango wa ghala ukavunjika, wote wakakimbilia huko kupora. Nilimfunga Wafula kwa shati langu, nikamlaza juu ya toroli na kulisukuma kurudi bandarini. Alisema jina la mkewe tu, akiniomba mtu aende akamwangalie. Rose hakuguswa, majirani walimficha. Wafula alifia hospitalini kabla ghasia hazijatulia.

Nilikwenda polisi nikaandikisha niliyoyaona, pamoja na jina la Kasimu. Kasimu alikamatwa. Dada yangu alikuja nyumbani akapiga magoti mlangoni, watoto wangu wakitazama. Sikubadilisha neno. Lakini hakupatikana shahidi mwingine, na baada ya muda kijana aliachiliwa. Sasa ni dereva wa lori, ana mke na watoto. Arusini na matangani tunakaa jamvi moja. Watu wa kwetu husema yale yalikuwa ya siasa, yamepita.

Rose nilimwambia mwenyewe kwamba namjua mmoja wa waliomkata mumewe, siku alipokuwa akifunga vyombo kuondoka Mombasa.

"Ni nani?" aliniuliza.

"Kasimu. Mwana wa dada yangu."

Aliketi juu ya sanduku. "Yule aliyekuwa akija kula?"

"Ndiye."

"Alikuwa hapendi chumvi nyingi," alisema, akainuka kuendelea kufunga vyombo.

Miaka mingi baadaye nilisafiri kumwona Rose huko magharibi, kwa ukoo wa mumewe. Alikuwa amezeeka, na alinipokea vyema. Nilisimama kaburini kwa Wafula, mbali na kisiwa alikozaliwa, kati ya watu wa ukoo ambao wengi wao hakuwahi kuwaona. Mezani nilisukuma sahani kando. Niliomba msamaha kwa ajili ya ukoo wangu, nikaomba tena, mpaka yeye akawa ndiye anayenibembeleza.

Akinisindikiza kituoni, alisema, "Shemeji, ukija kwa sababu ya haya zako, mimi ndiye ninayezibeba. Siku nyingine uje kututembelea tu."

Nilimwahidi.

Namba yake ya simu ninayo, na njia naijua. Sijaenda tena.