Kompyuta Zilipoacha Kuonana

Mpaka leo nikikaa kimya naisikia ile ngurumo ikitokea upande wa Ilongero, na sauti ya baba juu yake: "Chomoeni nyaya." Tuliokulia Mandewa tunajua. Wingu likitanda tu, mama anafunika kioo cha kabati kwa khanga, sisi tunakimbilia plagi. Umevaa nyekundu? Unafukuzwa ukabadilishe. Watoto wa siku hizi radi inapiga, wao simu ziko kwenye chaji na wanacheka na video.

Nyumbani kulikuwa na mtambo wa kaka Elia: kompyuta mbili kuukuu, moja sebuleni alipochapa dada Neema, nyingine chumba cha mbele yenye printa. Waya ulipita kwenye kiboksi chenye vitaa vya kijani chini ya meza, kazi ikachapwa huku ikatokea kule. Sisi wadogo tulikaa tunatafuna mbegu za alizeti, tukingoja karatasi itoke, maana tuliona kama uchawi.

Baba hakuupenda mtambo ule. Alishasema, "Elia, hayo madude yakigoma tena, unakwenda Mkiwa kulima na babu yako."

Siku moja mvua ilipopita nikatumwa kurudisha nyaya. Nikakuta ncha ya waya imelala sakafuni, ule wa kompyuta ya tatu iliyokufa zamani. Ikanitia huruma, wenzake wote wana mahali pao. Nikaichomeka kwenye tundu lililobaki wazi. Vitaa vikacheza kwa kasi, nami nikafurahi.

Kumbe nimeharibu. Kesho yake kompyuta hazionani. Elia akazima akawasha, akapuliza vumbi, akabadilisha waya wa printa, wapi. Jirani aliyengoja kadi za harusi ya mwanawe akamtania, "Fundi, wapatanishe hao, wamenuniana." Baba hakucheka. "Kafunge begi," akasema. Elia akaenda chumbani kwake, akaanza kukunja mashati.

Nikatambaa chini ya meza. Nikaufuata waya wangu kwa kidole: ulitoka kwenye kiboksi, ukazunguka mguu wa meza, ukarudi kwenye kiboksi kilekile. Ulikuwa hauendi kokote; kila kilichotumwa kilizunguka humo humo. Nikachomoa ncha moja. Vitaa vikatulia. Dada Neema akajaribu tena, na kule mbele printa ikaanza kukoroma.

Elia alipokuja mbio nikamwambia huku nalia, "Kaka, ni mimi." Akanishika kichwa. "Waya hauonewi huruma, mdogo wangu." Baba akaisoma kadi ya kwanza mpaka mwisho, akairudisha mezani. "Haya, malizeni kazi ya watu."

Siku hizi nyumbani hakuna waya hata mmoja. Mtandao ukikatika, wapwa zangu wanainua simu juu kama wanaomba mvua, kisha kila mtu na chumba chake. Wetu ulipogoma, nyumba nzima ilisimama sebuleni. Napakumbuka sana pale.

Siku ile, wote walipokuwa wamejazana kwenye printa, nilienda peke yangu chumbani kwa Elia. Nikafungua begi, nikatoa mashati yake moja moja, nikayatundika kwenye misumari.