Shahidi wa Mfereji

Mimi ni mtu wa hasira, nikubali mapema. Kila Jumamosi asubuhi, mtaa wetu hapa Kalemie unapotoka kwa salongo, ile kazi ya wote ya kufagia njia na kuzibua mifereji, nilikuwa nafika na jembe na mdomo, na mdomo ndio uliofanya kazi zaidi. Jirani yangu wa upande wa juu, mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikuwa anasukumia taka zake mferejini. Mvua ikinyesha, zote zinashukia mlangoni kwangu. Miaka sita tuligombana hivyo, mtaa mzima ukitutazama.

Kisha ikaja zamu ya kuandikisha wapiga kura. Kwetu kadi ya mpiga kura si ya kura tu. Ndiyo inayosema wewe ni nani kila unapoulizwa njiani. Mimi sikuwa nayo. Nilizaliwa hapa hapa, lakini vita vilipoingia mama yangu alinivusha ziwa nikiwa mgongoni. Nilikulia kambini upande wa Kigoma, nikazika wazazi huko, nikarudi mtu mzima bila karatasi hata moja.

Karani alinisikiliza kwa upole, kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, unasema kama bantu ya Kigoma. Lete bashahidi batatu benye kadi, benye banakujua. Na leo njo siku ya mwisho."

Nilitoka mbio. Nilimpata mwalimu wa mtaani, nikampata papa mmoja, mzee anayetengeneza baiskeli. Wa tatu hakuonekana; wengi walikuwa sokoni au ziwani. Nyumba iliyokuwa na mtu ilikuwa moja tu, ya muuza ndagala. Nilipita mlangoni pake mara mbili, nikaona aibu kuingia. Mara ya tatu niliingia, nikamweleza yote huku nikitazama miguu yangu.

Alifuta mikono kwenye kitenge, akafungua fundo la pembeni, akatoa kadi yake, akatangulia.

"Mama, huyu unamujua?" karani akamuuliza.

"Kama namujua? Miaka sita, kila salongo ananitukana juu ya mufereji! Mugeni gani anaweza kuchokoza jirani juu ya maji chafu ya inchi yenye haiko yake? Mugeni ananyamaza, anapita. Huyu anachimba, anatukana, anachimba tena. Ni wetu. Andika!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, wengine wakapiga makofi. Karani naye akacheka, akaandika. Kadi ilipotoka, ina uso wangu na jina langu, nililia bila kuficha. Siku ya kura nilisimama juani tangu asubuhi, na nilipotoka na wino kidoleni niliuinua juu ili mtaa wote uone. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kutoka. Nilianzia upande wake, nikautoa uchafu wote mpaka maji yakatembea. Alipofungua mlango alinikuta nimenyamaza, jembe mkononi.

"Eh! Juu ya nini leo hautukane? Ao kadi imekufunga kinywa?"

Nikajishika kiuno, nikamtukana kama zamani, sauti ikafika hadi nyumba ya mwisho ya mtaa. Mfereji ule ni wangu pia.