Wimbo wa Kikorea kwa Sikio Moja

Ofisini kwetu West Bay, huku Uarabuni, kazi yangu ilikuwa kupanga michoro ya majengo ambayo sikuweza kuisoma. Meza ya pili alikaa Mkenya mwenzangu, binti wa Nakuru, mpenzi wa tamthilia za Kikorea. Mimi, mwenye shahada ya isimu, nilizibeza kila siku bila kuwahi kutazama hata moja.

Adhuhuri moja, tukila wali tuliotoka nao nyumbani, tuligawana waya zake za masikioni, sikio moja kila mtu, anisikilizishe wimbo wa tamthilia mojawapo. Kilianza kinanda, kisha sauti ya mwanamume, karibu mno, kama ameketi begani kwangu na hataki kumwamsha mtu. Nilisubiri apige kelele, kama wafanyavyo waimbaji. Hakupiga. Mabega yangu yakashuka, nami sikujua kwamba yalikuwa yamepanda. Yalipanda Jumapili, nilipopewa karatasi ya mkataba wa miaka miwili zaidi, niirudishe na sahihi Alhamisi. Mke wangu kule Mombasa nilimwahidi kwamba huu ninaoumaliza ndio wa mwisho. Siku hiyo ilikuwa Jumatano na sikuwa nimemwambia neno.

Mkorea alikuwa akirudia kitu kama "kazima". Kwetu Mombasa hiyo ni "amezima", kwa hiyo nilimweleza jirani yangu, kwa sauti ya mhadhara, kwamba bwana huyu analalamikia taa.

Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mwalimu, hakuna taa hapo. Ni *kajima*. Anamwambia mtu usiende."

Nilimwomba aupige tena. Kisha tena. Mara ya nne akanipa waya zote mbili, akarudi kazini.

Ujasiri wa kuazima kwa wimbo haudumu, kwa hiyo nikakimbilia ngazi za dharura nikampigia mke wangu. Nilipanga kuanza na habari za mkataba. Nikaanza na wimbo. Nilimweleza kinanda, nikamweleza upole wa ile sauti, na maana ya lile neno nikaifafanua kama nimeishi Seoul. Alisikiliza yote.

"Sasa nani anakwenda?" akauliza.

Nikamwambia kuhusu karatasi. Nilisikia redio ya jirani yake.

"Umetia sahihi?"

"Bado."

"Unataka kutia?"

Nikasema sijui yeye angependaje, ndiyo maana nilikuwa najaribu, kwa njia ya—

"Bwana wee," akanikata, "ukitaka kubaki, baki. Ukitaka kurudi, rudi. Lakini niambie mwenyewe, usimtume Mkorea."

Miaka minne ya chuo kikuu, na sentensi niliyoipata ilikuwa ya neno moja.

"Narudi," nikasema.

Mke wangu akasema nimtajie tarehe mapema, maana cherehani yake sasa inakaa upande wangu wa chumba, na ni nzito, haihamishwi na mtu mmoja.