Tapeti Zilizomwagika Ukweni Kashozi

Kisa hiki sipendi kukisimulia nikiwa Muleba, maana pale kila mtu anajua nusu yake na nusu nyingine wamejitungia, lakini mmeniuliza kwa nini wakwe zetu wa Kashozi wakiniona hutazama mkoba wangu kabla ya uso, basi kaeni niwaambie mwenyewe, aibu yote ni yangu.

Mnajua nina lori la kubebea ndizi na kahawa. Limezeeka, na likipanda mlima na mzigo mnaweza kushuka mkaandamana nalo kwa miguu. Fundi Jovini, mwenye gereji kule Nshambya, Bukoba, akanishauri tufunge kemshafti yenye nguvu zaidi, yaani ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, na akasema kemshafti mpya inataka tapeti mpya (tapeti ni vile vichuma vya mviringo, urefu wa kidole, vinavyopandishwa na kemshafti ili visukume vavu, vile vizibo vya kupitishia hewa na moshi, zifunguke). Mimi Jovini sikuwa namwamini. Hakuwa amenikosea kitu, ila ana maneno mengi na viatu vyake vinang'aa kuliko vya mchungaji wetu, na gereji nyingine iliwahi kunirudishia lori likiwa na betri kuukuu badala ya mpya niliyoinunua mwenyewe, kwa hiyo tangu hapo fundi akinichekea tu, nashika pochi.

Jumamosi ile tulikuwa tunakwenda Kashozi kumposea Mugisha, mtoto wa kaka yangu. Nikaona kwa kuwa napita Bukoba, nikutane na Jovini kwenye duka la spea tuchague tapeti kabisa. Muuza duka akaweka aina mbili mezani, zenye kigurudumu kidogo chini na zenye chini bapa. Jovini akasema kemshafti yetu inataka za kigurudumu. Nikauliza kama za bapa haziingii (zilikuwa rahisi zaidi, nisiwadanganye), akasema kuingia zitaingia, ila zitaila kemshafti mpya mpaka iishe. Kisha akamkonyeza muuza duka, wakatoka nje wote wawili, wakasimama kando ya pikipiki wananong'ona. Nikajisemea, haya, wanagawana changu. Waliporudi walinikuta nimeshazilipia za bapa na kuzikumbatia.

Jovini hakubishana. Akaniomba tu nimwachie yeye tapeti, niende zangu kwenye sherehe. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikakataa, nikasema nitazileta Jumatatu mwenyewe na nitasimama pale mpaka ya mwisho ifungwe. Maboksi hayakuingia kwenye mkoba, nikayaacha. Nikavua kitambaa chekundu nilichojifunga kichwani kwa ajili ya vumbi, nikazifunga humo, lakini kabla ya kufunga nikatoa rangi yangu nyekundu ya kucha nikazipaka kila moja nukta, ili akizibadilisha nijue.

Sasa twendeni Kashozi. Nyumba ya Ta Mutalemwa, baba wa binti, imejaa, vigae vimepigwa deki mpaka unajiona, sisi wageni tumepangwa upande wa dirisha na kikapu cha kahawa za kutafuna kinapita. Akaja Ma Leokadia, shangazi wa binti, anakusanya mikoba aiweke chumbani ili tukae kwa nafasi. Wenzangu wakatoa. Mimi nikasema kwa adabu, waitu, nipo sawa. Akazunguka, akarudi, akasema mkoba wako ni mzito, Ma Kemi, utakuchosha, nikasema hapana, nimeuzoea. Sijui chumbani kuna nani na nani, nawaza, na mkoba una vitu vya injini. Mara ya tatu hakuuliza, aliushika. Nami nikaushika. Tukavutana kwa tabasamu, watu wazima, mpaka mkanda ukakatika.

Furushi jekundu likaanguka, likafunguka, na tapeti zikatawanyika kwenye vigae vile, zikiacha michirizi ya oili, moja ikaenda taratibu kabisa mpaka kwenye miguu ya bibi wa binti. Bibi akainua miguu yote miwili. Vyuma vyenye matone mekundu, vinateleza kwa mafuta, kwenye kitambaa chekundu, na mwenyewe amekataa visiguswe: hata mimi ningekuwa upande wa pili ningewaza wanachowaza.

"Ni tapeti," nikasema.

Bibi, ambaye masikio yamechoka, akauliza ni nani tapeli.

Kaka yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Ta Mutalemwa hakupandisha sauti, akasema kama ni vya lori basi lina fundi, nimpigie fundi huyo, simu niiweke wazi wote wasikie. Nikapiga. Mzee akamweleza Jovini alichokiona na kumuuliza ni vya nini.

"Ni vya lori lake, mzee," Jovini akajibu. "Amekataa kuniachia. Anadhani nitamwibia."

Bibi akataka kujua ile damu. Ikabidi niseme, mbele ya watu wote na Jovini akinisikiliza, kwamba ni rangi ya kucha na niliiweka kwa sababu yake.

"Ma Kemi, hizo nisingezifunga hata ungeniachia," akasema Jovini. "Kule nje nilikuwa namwomba muuza duka akubali ukizirudisha. Nilijua leo hutanisikia."

Watu wakaanza kucheka, kidogo kidogo, lakini Ma Leokadia hakucheka. Akasema uchawi sawa umeondoka, ila watu wanaomshuku mtu hivi, mtoto wetu ataishije kwao? Nawaambieni, hilo lilinichoma kuliko la uchawi, maana Mugisha alikuwa ananitazama. Wakajadiliana, wakaona aitwe binti mwenyewe, Jeneroza, aulizwe kama bado anataka.

"Mimi siolewi na shangazi yake," akasema, akarudi ndani.

Posa ikapokelewa. Nilifuta vigae mwenyewe, nimepiga magoti na gauni la sherehe.

Jumatatu muuza duka akasema alikubali kupokea tapeti, hakukubali kupokea zilizopakwa rangi ya kucha, nikakaa kwenye kigoda nje ya duka lake nasugua kwa petroli moja moja huku watu ninaofahamiana nao wakipita na kuniuliza nimeanza lini ufundi. Jovini nilimwomba radhi gerejini. Aliipokea, lakini tangu siku ile maneno yake kwangu yamekuwa machache, na ninayakosa. Lori, kwa tapeti za kigurudumu, linapanda mlima vizuri.

Sisemi nimeacha kushuku watu, ningekuwa nawadanganya. Ila nimejiapiza kwamba nikiwa na wasiwasi na mtu nitamuuliza yeye mwenyewe, tukiwa wawili, mapema, kabla sijalazimika kumuuliza kwa simu iliyo wazi mbele ya wakwe.